Jiko la kuni la jiwe la sabuni au la chuma: hesabu kilo kwanza

Saa ya kulipima jiko la kuni ni saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili usiku, moto ukinguruma na kioo kikiwaka rangi ya chungwa, kila jiko ni zuri. Lakini ulitia gogo la mwisho saa nne, ukalala. Sasa umeamka, sakafu inakung'ata nyayo, unaliendea jiko na kuliwekea kiganja ubavuni. Likiwa la chuma, kiganja kinakutana na baridi ileile ya chumba, na ukibahatika utafukua makaa mawili matatu chini ya majivu. Likiwa la jiwe la sabuni, tena lenye jiwe la kutosha, kiganja kinatulia palepale. Halichomi. Lina uvuguvugu wa ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa.

Uvuguvugu huo ndio unaouzwa, na ni wa kweli. Tatizo ni kwamba jina "jiko la jiwe la sabuni" hubandikwa kwenye vitu vitatu visivyofanana kazi, ilhali kwenye picha vyote ni vilevile. Kimojawapo hakitakupa alfajiri hiyo hata ukichoma msitu mzima. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha jiwe na chuma, inabidi kulinganisha jiwe na jiwe.

Jiwe lenyewe

Jina limetokana na mguso: ukilipapasa linateleza kama mche wa sabuni uliokauka. Kinacholitelezesha ni talki, madini yaleyale yanayosagwa kuwa poda ya kupaka mwilini. Katika kipimo cha ugumu wa madini talki ni namba 1, laini kuliko yote. Jiwe linalofaa majiko huwa na talki iliyochanganyika na magnesiti, na mchanganyiko huo ndio unaolipa ugumu na uzito.

Watu wa nchi za baridi walilijua kitambo. Waviking wa Norwei walichonga vyungu vya kupikia kwenye jiwe hili, na kanisa kuu la Nidaros mjini Trondheim limejengwa nalo kwa sehemu kubwa. Ufini ndiko kuliko na kampuni ya Tulikivi, jina ambalo kwa Kifini ni "jiwe la moto" tu, bila mapambo. Hata sanamu ya Kristo Mkombozi kule Rio de Janeiro, iliyokamilika mwaka 1931, imevikwa vipande vya jiwe la sabuni. Hiyo ya Rio haihusiani na joto, lakini wakikuambia jiwe hili ni laini mno kudumu, wakumbushe.

Namba ambazo matangazo huziishia njiani

Kilo moja ya jiwe la sabuni huhitaji kilojuli 0.98 hivi ili ipande nyuzi moja. Kilo moja ya chuma huhitaji kama 0.46. Kilo kwa kilo, basi, jiwe hubeba joto mara mbili ya chuma, na hapo ndipo muuzaji hunyamaza. Haendelei kukuambia kwamba chuma ni kizito: mita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ina kilo 7,200 hivi, ya jiwe la sabuni haizidi sana 2,900. Zidisha uone. Ukubwa kwa ukubwa, chuma ndicho kinachobeba joto zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo.

Jiwe linashinda wapi, kama ni hivyo? Kwenye unene. Ukuta wa jiko la chuma una milimita 6 hivi, wa jiwe unaweza kuwa na milimita 30. Chukua mita moja ya mraba ya kila ukuta: chuma kilo 43, jiwe kilo 87, na jiwe hilo linashika joto zaidi ya mara nne ya chuma. Halafu jiwe hupitisha joto polepole, takriban moja ya kumi ya kasi ya chuma. Moto ukipamba ndani, uso wa nje wa jiwe huchelewa kupata habari. Moto ukifa, huchelewa pia.

Sasa jiko zima. Kilo 200 za jiwe zilizopashwa nyuzi 100 kuliko joto la chumba zinashika kama kilowati-saa 5.4. Kuni kavu hutoa karibu kilowati-saa 4 kwa kilo, na jiko zuri hukupa robo tatu ya hizo. Piga hesabu: lile jiwe zima lililokutoa jasho wewe na mafundi watatu kuliingiza ndani linashika joto la kilo mbili za kuni, kasoro kidogo. Magogo mawili membamba.

Namba hiyo ilinishangaza nilipoiandika mara ya kwanza pembeni ya gazeti. Lakini ndiyo inayoeleza kila kitu. Jiwe halizalishi joto, linalichelewesha. Linachukua lile linalozidi saa mbili usiku, wakati umekwisha kuvua sweta na unafungua dirisha, linakurudishia saa tisa usiku. Ukihitaji kuchelewesha magogo mawili, kilo 200 zinatosha. Ukitaka kuchelewesha mzigo mzima wa kuni mpaka kesho jioni, unahitaji tani.

Vitu vitatu, jina moja

Cha kwanza ni jiko la chuma lililovikwa jiwe. Ndani kuna sanduku la feleji, yaani mabamba ya chuma yaliyochomelewa, na nje vimepachikwa vigae vya jiwe. Mara nyingi kati ya sanduku na kigae kuna nafasi ya hewa, kwa hiyo jiwe linapata joto la kusikia kwa jirani. Nilishawahi kuishi na moja la namna hiyo. Lilikuwa na sura ya kupendeza kweli, na kwenye karatasi ya mauzo neno "jiwe" lilitajwa kila mstari. Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba saa tatu baada ya moto kuzimika lilikuwa baridi kama mtungi. Siku fundi alipofungua kigae cha ubavuni ili asafishe, nikaona unene wake: haukuzidi kidole changu kidogo. Si jiko baya, nisilizulie. Lilipasha chumba haraka na uso wake haukuchoma kama chuma kitupu. Ila lilikuwa jiko la chuma lililovaa koti.

Cha pili ni jiko ambalo kuta zake ndizo jiwe. Kuna fremu ya chuma cha kusubu yenye mifereji, mabamba ya jiwe hukaa ndani ya mifereji hiyo na kuzibwa kwa saruji ya majiko. Wengine huweka tabaka mbili za mabamba, la ndani likikabili moto na la nje likikabili chumba. Moto unaligusa jiwe, au unatenganishwa nalo na bamba jembamba tu. Haya huwa na kilo 150 hadi 300 kwa jumla, huanza kutoa joto la maana baada ya nusu saa au zaidi, na ndiyo yanayofaa kulinganishwa uso kwa uso na jiko la chuma cha kusubu.

Cha tatu si jiko la kusogezwa, ni sehemu ya nyumba: tanuri kubwa la mawe lenye njia za moshi zinazopinda ndani kwa ndani, uzito kuanzia kilo 800 hivi na kupita tani mbili. Hulilishi kuni siku nzima. Unawasha moto mkali mara moja au mbili kwa siku, kila mara saa moja hadi mbili, moshi wa moto unazunguka kwenye mawe kabla ya kutoka, kisha moto unakufa na mawe yanaendelea na kazi. Kilo 1,500 za jiwe zikipanda kwa wastani wa nyuzi 60 zinashika kilowati-saa 24 na ushei. Hizo ni kilo nane hivi za kuni, zilizosambazwa usiku kucha na sehemu ya mchana.

Kuvitofautisha dukani hakuhitaji utaalamu. Nenda na tochi. Fungua mlango, ingiza kichwa, mulika kuta za pembeni na dari ya chumba cha moto. Ukiona chuma kitupu au matofali ya moto pande zote na hakuna dalili ya jiwe, uliza jiwe limeanzia wapi. Halafu tazama ukingo wa bamba, penye kona au karibu na bomba, upime unene kwa macho. Mwisho omba waandike namba moja tu: kilo za jiwe, si kilo za jiko. Jiko la kilo 130 kwa jumla, lenye mlango wa chuma, fremu na matofali ndani, limebakiza nafasi ya jiwe kiasi gani? Muuzaji anayelijua jiko lake atakupa namba. Asiyelijua atakuonyesha rangi.

Siku yako inakwendaje?

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na watu wengi huuruka wakaenda moja kwa moja kwenye sura.

Ukiwa unatoka asubuhi, unarudi jioni nyumba imepoa, unataka joto ndani ya dakika kumi na tano na kulala saa nne, chukua chuma. Chukua chuma cha kusubu au feleji bila kuona haya. Jiwe litatumia saa yako ya kwanza kujipasha lenyewe huku wewe umejikunyata ndani ya koti, na litaanza kukupa joto zuri ukiwa unapiga mswaki. Nyumba ya mapumziko inayofunguliwa Ijumaa jioni na kufungwa Jumapili ni vivyo hivyo. Tanuri la tani moja kwenye nyumba kama hiyo ni la kuwapasha panya waliobaki Jumatatu.

Ukiwa nyumbani muda mwingi, au kuna wazee, mtoto mchanga, au mtu anayefanya kazi palepale, na baridi ni ya miezi mfululizo, jiwe linajilipa. Moto mmoja unaungana na mwingine, jiwe halipoi kabisa tangu msimu uanze hadi uishe, na chumba hakipandi na kushuka kama homa. Joto lake pia lina tabia nyingine. Chuma chenye nyuzi 300 hukufanya uhamishe kiti. Jiwe lenye nyuzi 150 hukufanya ukisogeze. Hilo la pili bado linaunguza mkono wa mtoto, kwa hiyo kizuizi kinahitajika kwa yote mawili.

Kuna kundi la tatu ambalo husahauliwa: nyumba mpya zilizozibwa vizuri, zisizopoteza joto. Nyumba kama hiyo inaweza kuhitaji kilowati mbili tatu tu usiku wa baridi kali. Ukiweka jiko la chuma la kilowati 10, utateseka. Utalibana hewa ili lisiwachome, kuni zitafuka badala ya kuwaka, kioo kitakuwa cheusi kufikia saa tatu, na lami ya moshi itajipaka kwenye dohani. Kununua jiko kubwa mno ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na hufanywa na watu makini, waliotaka "kubaki na akiba". Jiwe linasaidia hapa kwa sababu linakuruhusu kuwasha moto mdogo lakini mkali, wenye hewa ya kutosha, kisha kuuacha uishe. Kile kilele cha joto kinamezwa na jiwe.

Upande wa pili wa sifa hiyo: jiwe halizimiki. Umewasha alfajiri kukiwa na ukungu, saa tano jua limetoka, na jiko linaendelea kutoa joto mpaka alasiri bila kukusikiliza. Majira ya katikati, baridi ya asubuhi na joto la mchana, chuma kinakutii zaidi.

Moto safi

Sheria zimekaza, na ni jambo jema kwa mapafu ya jirani. Marekani, tangu 15 Mei 2020, jiko jipya la kuni haliruhusiwi kutoa zaidi ya gramu 2 za vumbi la moshi kwa saa, au gramu 2.5 likipimwa kwa magogo ya kawaida. Umoja wa Ulaya ulianza kanuni zake 1 Januari 2022: kwa jiko lenye mlango, miligramu 40 kwa mita ya ujazo, na ufanisi wa msimu usiopungua asilimia 65. Jiwe lenyewe halisafishi moshi. Namba hizi hutegemea chumba cha moto kilivyoundwa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupuliza hewa ya moto juu ya ndimi ili gesi zilizoponyoka ziwake mara ya pili. Hii huhitaji joto la nyuzi 600 hivi, kwa hiyo moto ni lazima uwe wa nguvu. Ya pili ni kichocheo, kitu kama sega la nyuki kinachokaa njia ya moshi na kuunguza moshi kuanzia nyuzi 260 hivi. Kichocheo kinapenda moto mrefu wa polepole. Lakini kina wivu: ukichoma mbao zilizopakwa rangi, plastiki au karatasi za kung'aa unakiua, na hata bila makosa hayo huchakaa, kikabadilishwa. Asiyependa vipuri achukue njia ya kwanza.

Kuhusu tanuri kubwa, jambo moja la kufa na kupona. Baadhi yana kifuniko cha bomba kinachofungwa moto ukiisha ili joto lisitoroke. Ukikifunga mapema, kaboni monoksidi inabaki ndani na wewe, nayo haina harufu. Chungulia makaa kwanza: ukiona vindimi vya buluu vikicheza juu yake, bado gesi inatoka. Subiri. Na king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo, jiko lolote utakalochagua.

Kuni zinaweza kuvuruga hesabu yote

Jiko la ghali likilishwa kuni mbichi linashindwa na jiko duni lenye kuni kavu. Kilo kumi za kuni ambazo nusu yake ni maji zina lita tano za maji. Kuyageuza mvuke kunakula zaidi ya kilowati-saa 3 kabla hujapata joto lolote, yaani zaidi ya nusu ya kile kilichokuwa kishikwe na zile kilo 200 za jiwe. Zikikauka hadi unyevu wa asilimia 20, maji yanayobaki ni lita moja na robo. Kipimo cha unyevu kichomekwe kwenye uso mpya baada ya kulipasua gogo. Ncha ya nje hukauka mapema na kudanganya. Ukiwa huna kipimo, gonganisha magogo mawili: makavu hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa mshindo wa bubu.

Yanayoharibika

Chuma cha kusubu hupata ufa na hakichomelewi kirahisi. Feleji hupinda ikizidishiwa moto. Jiwe la sabuni linavumilia joto kuliko mawe mengi, lakini halipendi kushtuliwa: jiko lililolala kwenye baridi ya kugandisha lisipigiwe moto mkubwa kwa mkupuo, na maji baridi yasimwagwe juu ya jiwe la moto. Jiwe jipya huweza kuja na unyevu ndani, ndiyo maana mioto ya kwanza kabisa huwa midogo, vijiti tu, na unaliacha lipoe katikati. Utaona matone yakitoka kama jasho. Usihamaki.

Mikwaruzo ndiyo sehemu ninayoipenda. Kwa kuwa jiwe ni laini, ufunguo unaliacha alama, lakini kwa ulaini huohuo msasa mwembamba unaifuta kwa dakika mbili, bila rangi, bila fundi. Chuma kilichopakwa enameli kikibanduka, kimebanduka. Maungio ya saruji kati ya mabamba ndiyo yenye kuhitaji jicho: kila mwanzo wa msimu pitisha mwali wa mshumaa polepole kwenye maungio moto ukiwa unawaka. Mwali ukivutwa kuelekea ndani, hewa inapenya na moto hautakutii tena hadi uzibe. Kamba inayoziba ukingo wa mlango ijaribu kwa kipande cha karatasi, jiko likiwa baridi: kibane na mlango, vuta, kikitoka bila ubishi, badilisha kamba.

Kabla ya kulipa

Sakafu. Jiko la kilo 250 lenye miguu minne midogo ni mzigo unaokaa pahali pamoja miaka ishirini. Sakafu ya mbao ikaguliwe boriti zake. Tanuri la tani linahitaji msingi wake wenyewe, kwa hiyo ni uamuzi wa wakati wa kujenga au wa ukarabati mkubwa. Kisha bomba: kipenyo kilingane na tundu la jiko, na dohani itoke juu ya paa ikiwa na urefu unaoutaka mwongozo wa jiko, la sivyo moshi utarudi sebuleni.

Binafsi, kwa nyumba ya kawaida ambayo mtu yumo ndani sehemu kubwa ya siku, ningechukua namna ya pili, kuta za jiwe la sentimita tatu, dogo kuliko ninavyodhani nahitaji, bila kichocheo. Kwa nyumba ya kurudia jioni, chuma cha kusubu, na zile fedha zilizobaki zijenge kibanda cha kukaushia kuni. Lililovikwa vigae ningelinunua kama nimelipenda sura, nikijua ninanunua sura. Tanuri kubwa ningelijenga siku ambayo fundi mjenzi bado hajamwaga zege.